Mzimu si mzima, wala haukuzimika

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Morogoro. Mwanangu wa kidato cha kwanza alipewa kusoma somo kanisani, Mathayo 14, pale Yesu anapotembea juu ya bahari usiku. Alishika Biblia ya bibi yake, ile ya Union, akasoma kwamba wanafunzi walipiga yowe wakisema, "Ni kivuli." Mwenzake wa pembeni alikuwa na Habari Njema, na humo imeandikwa, "Ni mzimu." Tangu siku hiyo nyumbani hakukaliki kwa maswali. Kivuli na mzimu ni kitu kimoja? Neno mzimu limetoka wapi? Baba yake kamjibu kwamba mzimu ni mtu aliyezimika kama taa, kwa hiyo neno limetokana na kuzima. Mtoto karidhika, mimi bado. (Mama wa Morogoro)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na kioja cha kwangu. Nina mjukuu chuoni Dodoma ambaye kila Ijumaa huniandikia, "Bibi, u mzima?" Mwezi uliopita simu yake ilijitia ujuaji, ikamsahihishia, nikapokea: "Bibi, u mzimu?" Nikamjibu, "Bado, mjukuu wangu. Bado kidogo." Alipiga simu mbio kuomba radhi.

Nakusimulia haya kwa sababu mumeo hayuko peke yake. Mzima, mzimu, zima, zimia: nani asingeyatia kapu moja? Mzima yuko hai, mzimu aliwahi kuwa mzima, na katikati pana kuzimika. Hadithi imekamilika na inapendeza masikioni. Mimi mwenyewe niliifundisha darasani miaka minne au mitano, kwa sauti ya mtu mwenye uhakika, na wapo watu hapa Tanga wenye wajukuu wao sasa wanaoirudia kwa kuwa waliisikia kwangu. Kama wanasoma safu hii, naomba wanisamehe.

Kilichonitoa gizani ni kibatari. Miaka ya 1980 nilifundisha shule moja hapo hapo kwenu Morogoro, na Jumamosi nilikuwa nakwenda Mazimbu. Leo unapajua kama kampasi ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Enzi hizo palikuwa na shule ya wakimbizi wa Afrika Kusini, shule ya chama cha ANC iliyoanzishwa mwaka 1978, ikaja kupewa jina la Solomon Mahlangu baada ya kijana huyo kunyongwa na serikali ya makaburu mwaka 1979. Nilikuwa nikiwafundisha Kiswahili akina mama wawili, na ujira wangu ulikuwa chai na mkate wa kuoka wenyewe. Mmoja lugha yake ilikuwa Kitswana. Jioni moja umeme umekatika, kibatari kikaanza kufuka moshi, akamwambia mwanawe, "Tima!" Mtoto akapuliza. Sikuhitaji mkalimani: tima ni zima. Nikafurahi kama niliyeokota hela njiani. Tulipokwisha kuwasha mshumaa nikamwuliza, basi na mizimu mnaiitaje? Akasema, badimo. Na Mungu? Modimo.

Chai ilinikwama kooni. Kwanza kwa sababu Mungu wao alikuwa na jina la mzimu, na hilo nitalirudia. Pili kwa sababu ya ile t. Tazama: kisima kwao ni sediba, na hiyo -diba ndiyo sisi tunayoiita ziwa. Palipo z kwetu, pana d kwao. Mzimu, modimo: z, d, sawasawa. Lakini kuzima wanakutia t. Kama mzimu ungezaliwa na kuzima, basi ama wao wangezima taa kwa "dima", ama Mungu wao angeitwa "Motimo". Nimeligeuza jambo hili kila upande tangu jioni ile, na sioni pa kulichomeka tena lile jibu la taa.

Jirani yangu wa sasa, mama wa Kikuyu kutoka Murang'a, akanimalizia kazi bila kujua. Kwao mtu mzima ni mũndũ mũgima, kwa g, na zimwi la hadithini ni irimu, kwa r. Kumbe hata mzima na mzimu si ndugu, ni abiria waliokutana ndani ya basi. Ni Kiswahili chetu kilichochukua sauti za kale zilizokuwa mbalimbali kikazitwanga kinu kimoja, zote zikatoka z. Sikio la Mswahili linasikia ukoo pasipo ukoo. Huwezi kulilaumu.

Wanaolinganisha lugha za Kibantu huuandika mzizi wa neno letu -dimu, na umetapakaa bara zima la chini: Rwanda na Burundi ni umuzimu, Uganda omuzimu, Malawi mzimu kama sisi, Zimbabwe mudzimu, Ukambani iimu. Neno hili halikushuka na jahazi. Jini na shetani tulipewa na Waarabu. Mzimu tulikuwa nao kabla Kiswahili hakijapata jina.

Sasa maana, na hapa ndipo ninapotaka mwanao asikilize.

Nimelelewa Pangani na bibi mzaa mama. Kwake yeye mzimu haukuwa mtu aliyejifunika shuka jeupe. Ulikuwa mahali. Juu kidogo ya mto palikuwa na mbuyu wenye uwazi shinani, mtu mzima angeweza kuingia akiinama, na hapo ndipo mzimuni. Ndani kulikuwa na vitambaa vyekundu na vyeupe vilivyofifia, chetezo kilichomeguka mdomo, chupa tupu za marashi ya waridi, na senti zilizoota kutu ambazo hakuna mtoto aliyethubutu kuzigusa. (Nilithubutu mara moja. Nilizirudisha kabla ya magharibi.) Bibi hakuacha swala wala funga, na mara mbili kwa mwaka alikwenda pale. Alipiga hodi. Kisha akaketi, akaanza kutoa habari: nani kaolewa, nani kajifungua, nani yuko safarini Mombasa, deni gani halijalipwa na ni nani anayezungusha. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama unavyompasha habari babu asiyeweza kutoka kitandani. Akimaliza alichoma ubani, akamwaga marashi kidogo, tukarudi kupika.

Kamusi zimehifadhi maana zote mbili: mzimu ni roho ya aliyekufa, na mzimu ni pale watu wanapokwenda kutambika. Ndiyo maana Dar es Salaam kuna kata inayoitwa Mzimuni, jirani na Magomeni, na wakazi wake wanapanda daladala kurudi kwao usiku bila kutetemeka. Muhammed Said Abdulla alipotoa riwaya yake ya upelelezi mwaka 1960 na kuiita "Mzimu wa Watu wa Kale", mzimu wa kwenye kichwa hicho nao ni mahali.

Sasa angalia nani anatembea. Mzimu wa bibi ulitulia pale pale miaka yote. Sisi ndio tuliokuwa tukiufuata, tena na zawadi mkononi. Haukumkimbiza mtu. Ulikasirika, naam, kama mkubwa yeyote asiyetembelewa: mvua ikachelewa, mtoto akapata homa isiyoeleweka, bibi akasema, "Tumekaa mno." Huyu mzimu anayekufuata barabarani saa nane za usiku tumempata juzi tu, na kwa maoni yangu televisheni imefanya kazi kubwa kuliko mababu.

Kutoka mzizi huo huo Kiswahili kimepata watoto wengine watatu. Kuzimu ni mahali, ku- ile ile ya kule na kwetu, na watu wa Rwanda nao wana ikuzimu. Kanisani mnaisikia katika Mathayo 16: milango ya kuzimu haitalishinda. Lakini kuzimu ya hadithi za bibi haikuwa na moto. Mwindaji anamfuata nungunungu aliyemla mihogo, anaingia shimoni, anatambaa, anatokea upande wa pili kwenye kijiji chenye mashamba na ng'ombe, na wanaompokea ni wazee aliowazika mwenyewe. Wanamuuliza habari za nyumbani. Wanamwambia arudi kabla hajala chakula chao.

Zimwi ni mzizi huo ukiwa umetiwa kwenye ngeli ya majitu, pamoja na jitu na joka. Hilo ndilo linalokula watu. Kila mtoto wa pwani wa umri wangu alilala akimfikiria yule msichana aliyesahau kombe lake jabalini, akarudi peke yake kulichukua, zimwi likamtia ndani ya ngoma, likawa linakwenda kijiji hadi kijiji likipiga, na ngoma inaimba kwa sauti ya mtoto. Na methali unaijua: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Darasani tuliifafanua kwamba adui anayekufahamu atakuonea huruma kidogo. Tangu nilipoujua ukoo wa neno, naisikia tofauti. Zimwi linakujua kwa sababu ni la kwenu.

Yule mama mwingine wa Mazimbu, msemaji wa Kisotho, aliponisikia nikisimulia zimwi alipiga makofi. Kwao, kwa maandishi ya Lesotho, Molimo ni Mungu, balimo ni wazee waliotangulia, na lelimo ni jitu linalokula watu. Mzizi mmoja, viambishi vitatu, mbingu na tumbo la jitu. Wazulu nao wana izimu, mla watu, lakini wazee wao wa kaburini wanawaita kwa jina jingine kabisa.

Na wazimu. Huyu ndiye ninayempenda kuliko wote. Leo ukisema fulani ana wazimu, unamaanisha akili zimeruka. Lakini weka wazimu kando ya abazimu wa Rwanda, vadzimu wa Zimbabwe (wana ala ya muziki wa ibada inayoitwa mbira dzavadzimu) na badimo wa Botswana, utaona ni ule ule wingi, wenye kiambishi cha watu. Mwenye wazimu alikuwa mwenye wageni. Mwendawazimu, ukimpasua katikati, ni mtu aendaye na wazimu wake. Na kitenzi kimebaki kushuhudia: wazimu humpanda mtu, kama jini anavyompanda. (Hasira nazo hupanda, najua, msiniandikie.) Waarabu walifika hapo hapo kwa njia yao: majnun, kichaa, limejengwa juu ya herufi zile zile za jinn, ambazo maana yake ya msingi ni kufichika. Pande mbili za bahari moja, kila mmoja kwa neno lake, walimtazama jirani anayeongea peke yake wakasema hayuko peke yake.

Nilisema nitarudi kwa Modimo. Robert Moffat, mmisionari wa Kiskoti, alikamilisha Biblia ya Kitswana mwaka 1857. Kwa Mungu aliandika Modimo. Kwa mashetani ambao Yesu anawafukuza wakaingia ndani ya nguruwe, akaandika badimo. Neno lile lile, umoja mbinguni, wingi ndani ya nguruwe. Mama yule wa Mazimbu aliniambia bibi yake, alipojifunza kusoma akiwa mtu mzima, alifunga kitabu siku nzima alipofika pale kwa nguruwe, kwa sababu badimo ndio aliokuwa akiwaamkia kila asubuhi. Malawi wakashika njia nyingine: katika Biblia ya Kichewa, Roho Mtakatifu ni Mzimu Woyera. Sisi tukaazima roho kwa Waarabu, tukauacha mzimu wetu mbuyuni, halafu tukaanza kuuogopa.

Kwa hiyo mwambie mwanao hivi. Kivuli ni neno la zamani la Kiswahili kwa umbo la mtu lisilo na mwili. Usidhani ni kivuli cha jua tu. Wavuvi wale waliona umbo likija juu ya maji. Mimi ningeacha kivuli. Mzimu ninaoujua hautembei, na baharini ungefuata nini? Lakini Habari Njema imeandikwa kwa Kiswahili cha watu wa leo, na kwa mtu wa leo mzimu ndio huo. Wote wawili wamesoma sawa, na baba yake usimwambie kwamba nimesema taa yake haiwaki.

SWALI: Salaam aleikum Mwalimu. Mimi ni Mgiriama wa Kilifi. Kwetu hatusemi mizimu, tunasema koma. Je, ni Kiswahili? Na linatokana na kukoma, yaani maisha yamekoma?

JIBU: Aleikum salaam, kaka. Umesoma nilivyoungama hapo juu? Basi usiniingize tena kwenye shimo lile lile. Kukoma na koma zinalingana sauti. Mimi nimekwisha kuungua na maneno yanayolingana sauti.

Koma ni neno lenu Wamijikenda, na Mswahili wa Mombasa anayekaa nanyi analielewa. Linasema jambo ambalo mzimu wa bibi yangu haukulisema: koma huja kwa ndoto. Marehemu anakutokea usingizini, analalamika baridi, analalamika kusahauliwa, na asubuhi familia inakaa kikao. Kwa mzee aliyekuwa katika chama cha wazee kiitwacho Gohu, jibu la kikao ni kigango, ule mti mrefu wa kuchonga wenye kichwa cha mviringo, unaosimamishwa bomani. Kikisimama, hakihamishwi. Hata watu wakihama, kinabaki kikizeekea pale.

Ndiyo maana wizi wa vigango ulikuwa mchungu kuliko wizi wa mali. Viwili vilivyoibwa kwenye boma moja mwaka 1985 vilikutwa Marekani, kimoja katika jumba la makumbusho la jimbo la Illinois, kingine katika mkusanyo wa Chuo Kikuu cha Hampton, vikarudishwa kwa wenyewe mwaka 2007. Wazungu waliovinunua waliona sanamu ya ukutani. Wenyewe walikuwa wamesimamisha baba. Kwa swali lako la kwanza: kamusi za Kiswahili zinaweza kulipokea au kuliacha, koma halihitaji cheti.

SWALI: Teacher, mambo vipi? Sisi huku Mwananyamala tukisema "mzuka umepanda" tunamaanisha raha, morali. Babu yangu kanikemea, anasema naita mashetani. Nani yuko sahihi?

JIBU: Shikamoo kwanza, ndipo mambo vipi.

Babu yako yuko sahihi, nawe hujakosea. Mzuka unatokana na kuzuka, kutokea ghafla pasipo kutarajiwa, na huyo ndiye hasa anayekutokea njiani usiku. Yule wa kwenye Mathayo 14 angefaa jina hili kuliko mzimu, ingawa sioni kanisa litakalokubali kuchapa "Ni mzuka!" vijana wasicheke. Mlichofanya nyinyi ni kuchukua ile hali ya kupandwa ghafla na kitu kisichoonekana, mkaihamishia kwenye muziki na mpira. Ngoma za pepo zilifanya hivyo zamani, isipokuwa mgonjwa alilipa.

Mwambie babu akueleze pia kizuka. Pwani, kizuka ni mjane aliye ndani ya eda, miezi minne na siku kumi, hatoki ovyo, hajipambi. Nilipokuwa mdogo niliambiwa, "Usipige kelele, jirani kuna kizuka," nikakaa chini ya kitanda mpaka jioni. Kumbe alikuwa Bi mkubwa wa nyumba ya pili, aliyekuwa akinipa visheti.

Na kwa kuwa umeniandikia kutoka Dar: mwaka 2016 serikali ilipowaondoa watu zaidi ya 10,000 kwenye orodha ya mishahara kwa kuwa hawakuwepo kazini wala popote, Waingereza wangewaita wafanyakazi mizimu. Sisi tuliwaita wafanyakazi hewa. Nalipenda chaguo hilo. Mzimu una kwao, una jamaa, una mbuyu. Hewa inakula mshahara bila hata kukasirika.

SWALI: Mwalimu, niko Wete, Pemba. Kwa nini pepo ni shetani na Peponi ni kwa watu wema? Hatuoni kasoro hapo?

JIBU: Kasoro iko machoni. Zote ni upepo: kitu kisichoonekana kinachogusa. Huyo pepo anayempanda mtu ni upepo mbaya, na tiba yake tunaiita kupunga, kama unavyopunga mkono. Yule wa kimbunga cha vumbi kinachozunguka uwanjani adhuhuri ana hata jina lake, kinyamkera, na nilifundishwa kumpisha. Pepopunda, ugonjwa unaokaza taya, nao umebeba jina hilo. Peponi ndipo penye upepo mwanana. Mtu aliyelima jua la mchana pwani hahitaji kuelezwa kwa nini thawabu ni upepo.

Ukitaka ushahidi wa jirani, Kiarabu kina rih, upepo, na ruh, roho, kutoka mzizi mmoja. Popobawa, yule pepo aliyewatia watu hofu usiku, hujaniuliza, na nyinyi Wapemba mnayajua ya mwaka 1995 kuliko mimi. Nitasema tu kwamba jina lake ni popo na bawa, halina la kale ndani yake.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nimekuwa nikikusoma. Naomba jibu la moja kwa moja: wewe mwenyewe unaamini kwamba mizimu wapo? (Mwanafunzi, Tabora)

JIBU: Marahaba. Kuna kijana nilimfundisha aliyeandika katika insha, "Mzimu wa babu alimtokea mama." Nikapiga wino mwekundu: "ulimtokea". Mzimu uko ngeli moja na mti, mto, mlima, moto na mwezi, na wingi wake ni mizimu. Akaja mezani, daftari mkononi. "Mwalimu, ulitufundisha kwamba kiumbe hai huchukua a-, hata kikianza na ki-. Kijana anakuja. Kipofu amefika." Nikamwambia mzimu si kiumbe hai. Akasema, "Lakini babu yangu alikuwa mtu." Nikamnyima alama.

Leo ningempa nusu. Wanyarwanda wanasema abazimu kama wanavyosema abantu, Watswana badimo kama batho, na wazimu wetu wenyewe unaonyesha kwamba nasi tuliwahi kuwahesabu pamoja na watu kabla hatujawahamishia kwenye miti na mito. Jini, pepo, malaika, wote tunawapa a- bila ubishi. Kijana yule alikuwa na hoja.

Lakini bibi yangu, ambaye hakuwahi kuingia darasani na hakuwahi kukosea upatanisho, alisema, "Mizimu imekasirika," na "mzimu wetu una njaa." Kiswahili nilichonyonya ni hicho, nami siwezi kukibadilisha uzeeni. Kwa hiyo sentensi yako naisahihisha. Mizimu ipo, mwanangu. Si wapo.